Fidla, Piano na Kibonyezo Kisicholia

Piano ilikuwa imesimama kwenye kona ya ukumbi wa chuo cha ualimu, chini ya dirisha linalotazama baharini, mahali pabaya kuliko pote ambapo piano ingeweza kuwekwa. Chumvi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mifupa yake. Nani aliyeiacha, sikupata kujua kwa hakika. Mmoja aliniambia ilikuwa ya klabu ya Waingereza kule Shangani. Mwingine akaapa kuwa ilikuwa ya familia ya Kihindi iliyofunga nyumba na kuondoka mwaka wa sitini na nne. Mimi nilirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini na cheti cha ualimu wa muziki kutoka Ujerumani Mashariki, nikapangiwa kazi chuoni hapo. Siku ya kwanza nilipoinua kifuniko chake, mende alitoka kati ya vibonyezo, akanitazama, akarudi ndani bila haraka.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, ila hakupenda kitu kisicho na kazi. Aliniita ofisini kwake wiki ile ile.

"Seremala ameshaipima," alisema. "Anasema mti wake mzuri. Makabati mawili ya vitabu yanatoka, na mbao zinabaki."

"Lakini ni piano, Mwalimu Mkuu."

"Nnajua ni piano. Na mimi nna macho. Nnachouliza, nani anayeitaka?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba naitaka mimi, lakini niliona si jibu la kumpa mkuu.

"Basi nionyeshe," akasema. "Fanya shughuli humu ukumbini. Alika watu wa mjini, wanafunzi nao wawepo. Wakiipenda, inabaki. Wasipoipenda, seremala anachukua msumeno wake. Si maneno hayo?"

"Ndiyo maneno, Mwalimu Mkuu."

Nilitoka pale nimefurahi mpaka nikafika mlangoni. Kutoka mlangoni mpaka Darajani nilikuwa nshaanza kuteseka. Wakiipenda: kwa kipimo gani? Wakikaa mpaka mwisho, wameipenda, au wamekaa kwa adabu tu? Wakipiga makofi, wameipigia piano au wamenipigia mimi kwa sababu wanamjua marehemu baba? Na yule mkuu, alisema "watu" akimaanisha wengi, au hata mmoja angetosha? Nilipita mbele ya duka nililotumwa chumvi, nikaenda mpaka nyumbani Kiponda mikono mitupu, ikabidi nirudi.

Ni lazima nieleze hapa hofu yangu ilipotoka. Nimekulia katika nyumba ya taarabu. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha wanawake, na tangu nikiwa mdogo nilijua kwamba muziki ukiwa mzuri hukai kimya. Unasema "Allah!" Unacheka. Maneno yakikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha mpaka mbele, unamtunza mwimbaji kwa noti au ua hapo hapo anapoimba, unarudi na kila mtu ameshajua kwamba ubeti ule ni wako. Ukumbi ukinyamaza, mwimbaji anajua ameharibikiwa.

Basi mwaka wangu wa kwanza Ulaya tulipelekwa kusikiliza okestra. Mbele alisimama mpiga fidla mmoja, na nyuma yake watu wengi waliovaa nyeusi kama waliofiwa. Yule mpiga fidla akapanda juu, juu, mpaka sauti ikawa nyembamba kama uzi wa buibui, akaishikilia hapo. Nami, bila kufikiri, nikasema "Allah!" kwa sauti ya kwetu kabisa. Safu nzima iligeuka. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko hasira. Tangu siku ile, miaka yote niliyokaa kule, nilikuwa nikiingia ukumbini nimebana meno. Nilijifunza kwamba kwa wenzetu kimya ndiyo heshima yenyewe. Nilijifunza vizuri sana, kama utakavyoona.

Somo nililolisomea mwisho lilikuwa juu ya fidla na piano, na ndilo nililotaka kuwapa watu wa mjini siku ya shughuli. Kisa chenyewe si kigumu. Katika karne ya kumi na tisa alitokea Mtaliana mmoja mpiga fidla ambaye watu wa kwao walisema ana shetani. Kwetu wangesema ana jini, wala wasingeshangaa sana. Alitunga zile tungo ndefu zinazoitwa koncheto, ambamo fidla moja inasimama mbele ya okestra nzima na kujibizana nayo. Mambo aliyoyafanya na nyuzi nne yalikuwa hayajasikika. Alirusha upinde ukadundadunda juu ya nyuzi, alizidonoa kwa mkono uleule alioshikia fidla, alizigusa kwa ncha ya kidole bila kuzibonyeza zikatoa sauti ya filimbi.

Wapiga piano vijana walikwenda kumsikiliza, na naona kama walirudi makwao kama watu waliotukanwa. Maana piano ni nyundo na nyuzi. Ukishabonyeza, sauti inaanza kufa papo hapo. Huwezi kuivuta wala kuipinda. Mpaka siku zile ilikuwa zaidi chombo cha sebuleni, cha mabinti wa watu wenye nafasi. Kijana mmoja wa Kihungaria alimsikia yule Mtaliana mjini Paris, akajifungia na piano yake, akaapa kwamba itafanya yote yanayofanywa na fidla. Mjerumani mmoja alichukua mazoezi ya fidla akayageuza ya piano, na katika kuilazimisha mikono akaharibu kidole chake, hakupiga tena mbele ya watu. Mpolandi mmoja alimsikia akiwa bado mwanafunzi, na mazoezi aliyoyatunga baadaye yana mbio ambazo vidole vya piano havikuwa vimezizoea. Mikono ikaanza kuruka mbali, sauti moja ikagongwa upesi upesi mpaka ikawa kama upinde unaodunda. Muziki wote wa piano wa wakati ule, ule wenye huzuni kubwa na fahari kubwa, una fidla ndani yake ukiusikiliza kwa makini.

Na katika koncheto mojawapo ya yule Mtaliana, sehemu ya mwisho, kuna kengele. Kengele ndogo ya kweli inagongwa kwenye okestra, na fidla inaijibu kwa sauti ya juu ya filimbi. Mhungaria akaichukua kengele ile akaipeleka kwenye piano, juu kabisa upande wa kulia. Kila mara mkono unaruka mbali, unaigonga, unarudi haraka kwenye kazi yake chini, kama mtu anayepika huku akikimbilia mlangoni kufungulia wageni. Mimi sikuwa mpiga piano wa kusifiwa. Nilikuwa na muundo mwepesi wa kipande hicho, niliofundishwa na mwalimu wangu kwa ajili ya vidole vyangu. Lakini ndicho nilichokijua kuliko chochote, na ndicho nilichokiamini kuwa kitawafanya watu waipende piano.

Nilimweleza shangazi haya yote alasiri moja, amekaa kwenye mkeka anatunga vikuba, vile vishada vya asumini na rehani na mkadi ambavyo wanawake wetu hubandika kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kinanda kinaiga fidla," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na fidla inaiga kengele."

"Ndiyo."

"Haya. Na hiyo kengele inamwiga nani?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, nilikuwa nshaanza kwenda kwenye kengele za makanisa ya Italia na za shingo za mbuzi, shangazi alipopasua kicheko.

"Nipe uzi huo, mwanangu, usije ukaugua bure."

Kazi ya kuitengeneza piano niliifanya mwenyewe, kwa sababu kisiwani hapakuwa na fundi wake. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, wa kikundi cha shangazi aliniazima ufunguo wa kukazia nyuzi zake, haukuingia. Fundi baiskeli wa Darajani alinipa spana iliyoingia vibaya, lakini iliingia. Nilikaza, nikasikiliza, nikakaza. Nyuzi nyingi zilikubali kupanda kidogo, nyingine zilikataa, kwa hiyo piano yote nikaiteremsha chini ya kipimo chake ili zipatane. Mende walihama. Na nilipokuwa karibu kumaliza, nikafika juu kabisa upande wa kulia, kwenye kibonyezo cheusi cha kengele, nikabonyeza. Kikashuka, kikapanda, hakikusema kitu. Nyundo yake ilikuwa imeliwa na wadudu na uzi wake umekatika. Vyote vingine vinavyokizunguka vilikuwa vizima.

Mtu mwenye akili timamu angechagua kipande kingine. Nami nililifikiria hilo, kisha nikafikiria sababu za kutolifanya, kisha nikafikiria kama sababu zile ni za kweli au ni ukaidi. Ningeweza kukipandisha au kukishusha kipande kizima ili kengele iangukie kibonyezo kingine, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekijua njia moja tu, kama punda wa gari anavyojua njia ya kwao. Nilirudi nyumbani nikamwambia shangazi kwamba kengele yenyewe ndiyo mbovu.

"Si umenambia kengele ilikuwa ya fidla?" akasema, sindano iko mdomoni. "Basi mrudishie mwenyewe."

Alisema kwa mzaha. Mimi sijui kupokea mzaha. Nikauchukua, nikalala nao, na asubuhi nikamwomba aniitie binamu yake.

Huyu binamu wa shangazi, ambaye mimi humwita ami, alikuwa karani bandarini mchana na mpiga fidla wa taarabu jioni, na kwa upande wa fidla hakuna aliyemwambia kitu. Mwenyewe alilijua hilo. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama peke yake, na alipokuwa akipiga taksimu, ule wakati vyombo vyote vinanyamaza na mpigaji mmoja anaachiwa uwanja atoe atakavyo, alikuwa akifumba jicho moja na kuliacha jingine wazi ili aone nani analia. Yeye na shangazi walikuwa wakitaniana tangu utotoni, kama mabinamu wanavyopaswa.

Alikuja chuoni na fidla yake ndani ya foronya.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nambie, nipige nini?"

"Sauti moja, ami."

"Moja ya mwanzo?"

"Moja tu. Kila nikifika mahali pake."

Alimgeukia shangazi, aliyekuja naye ili asikose kicheko. "Binamu, huyu mtoto mmempeleka Ulaya miaka yote ile aje anipe mimi sauti moja?"

"Ukiweza hiyo moja bila ya kuitia manjonjo, ntakupikia bokoboko," akasema shangazi. "Lakini huwezi. Wewe hata salamu yako ina nakshi."

"Pika kabisa. Uiweke tayari."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Sauti yenyewe aliipata mara moja: aliugusa uzi kwa ncha ya kidole, akapitisha upinde, ikatoka filimbi nyembamba, safi, iliyonisimamisha nywele za mikononi. Lakini hakuweza kuiacha peke yake. Mara ya pili aliipambia kwa mtetemo. Mara ya tatu aliijia kutoka chini, akaizunguka. Mara ya nne ilikuwa na wake na watoto.

"Kengele, ami," nilisema. "Kengele haina maneno mengi. Inasema ti, basi."

"Kengele yenu hiyo imefundishwa vibaya."

Nilimwambia kwamba yule Mtaliana alikuwa na tabia ya kuzikaza nyuzi zake kinyume na kawaida ili apate sauti anazozitaka. Ami aliteremsha fidla. Wapigaji wa taarabu nao hawazifungi nyuzi kama Wazungu. Wana mpangilio wao.

"Alikuwa akizibadilisha nyuzi? Mtaliana?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi huyo wetu," akasema ami, na kuanzia hapo akawa anaheshimu kipande kile kama cha jamaa yake aliyepotea. Akazilegeza nyuzi zake kuifuata piano yangu iliyoteremka, akanung'unika kwamba anahisi kama amevaa viatu vya mtu mwingine, na siku ya mwisho ya mazoezi alipiga kengele zote tupu, moja moja, bila pambo. Shangazi alishika kidevu. "Yakhe, kweli leo nimeona ajabu."

Shughuli ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi nyuma, wanawake wa mjini na mabuibui yao upande wa kushoto, wengi wao wa kikundi cha shangazi na kila mmoja na kikuba chake kifuani, ukumbi ukanukia kama harusi. Wanaume kulia. Mbele, mkuu wa chuo, na kando yake yule seremala, ambaye macho yake hayakuniangalia mimi bali yaliangalia miguu ya piano.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Nilisema habari za Mtaliana na Mhungaria, na watu walinifuata vizuri. Nilipofika kwenye jini walitikisa vichwa. Ningekomea hapo. Lakini niliwatazama wale wanawake, nikamkumbuka bibi wa Ujerumani aliyenigeukia kwa huruma, nikaogopa. Niliogopa mkuu angeona watu wanainuka katikati, wanacheka, wanatunza, akasema hawakusikiliza. Basi nikaongeza:

"Muziki huu una adabu yake. Msikilizaji hasemi kitu, hapigi kofi, hainuki, hatunzi. Anasubiri mpaka mwisho kabisa. Naomba radhi, lakini ndivyo unavyosikilizwa kwa wenyewe."

Sasa, watu wa mji wetu ukiwaambia adabu ni hii, umemaliza. Si watu wa kuambiwa mara mbili. Nilikaa, nikaanza, na ukumbini ukashuka kimya ambacho Ulaya sijapata kukisikia. Kule watu hukohoa, viti hulia. Pale hata bangili zilishikwa zisigongane. Nilisikia mtoto mmoja akizibwa mdomo. Ami akapiga kengele yake ya kwanza, nzuri, safi kabisa. Hakuna aliyepumua. Ya pili. Ya tatu.

Mimi niliyewakataza ndiye niliyeshindwa kukivumilia. Vidole vilikuwa vinakwenda, lakini akili yangu ilikuwa imeshasimama mbele ya ukumbi inaangalia nyuso. Hawapendi. Hapana, wananitii. Lakini mtu anaweza kutii na asipende. Kwa pembe ya jicho nilimwona seremala akimwinamia mkuu, akirudi wima. Anasema nini? Na ami, masikini, aliyezoea kupiga huku watu wakimjibu kila pumzi, alikuwa amekauka uso. Kati ya kengele mbili aliinama kidogo kwangu.

"Mwanangu, hawa wamelala?"

"Hawakulala, ami. Nimewakataza."

"Umewakataza nini?"

"Kusema."

"Lahaula," akasema ami, akawahi kengele yake.

Kuna mahali, kuelekea mwishoni, ambapo nilizoea kupumzika kidogo kabla ya kurudia wimbo kwa mara ya mwisho. Ni pumzi moja tu. Nilifika pale, nikainua mikono. Ukumbi wote ulikuwa kimya, piano kimya. Nadhani mtu mwenye njaa ukimwachia mlango wazi na sahani ndani hahitaji kukaribishwa. Ami alifumba jicho moja, akaweka upinde juu ya nyuzi, akaanza taksimu.

Jambo la kwanza nililolifikiri ni bokoboko. Sijui kwa nini. La pili, kwamba piano imekwisha, ni makabati. Kisha, kwa kuwa siwezi kukaa bila kufikiri hata nikiwa naangamia, likanijia jambo nililolisomea na kulifanyia mtihani: katika koncheto zile kulikuwa na mahali ambapo okestra nzima inanyamaza, na mpiga fidla anaachiwa peke yake atoe yaliyomo moyoni, na zamani mengi katika hayo hayakuandikwa popote. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa ukurasa mzima. Haikunijia hata siku moja kwamba ni taksimu.

Nikashusha mkono wa kushoto, nikagonga sauti moja ya chini, taratibu, kumpa ardhi ya kusimamia. Ami akanitazama kwa lile jicho la wazi. Alipiga sentensi fupi, akaiacha ikining'inia. Ilikuwa zamu yangu. Niliijibu kwa kugonga kibonyezo kimoja upesi upesi, kama upinde unaodunda. Alipanda, nikamfuata kwa kuruka. Halafu akaenda pale fidla za kwetu zinapopenda kwenda, baina ya kibonyezo na kibonyezo, mahali ambapo piano haina mlango. Nikabonyeza viwili vya jirani kwa pamoja, vikagombana. Nikajaribu kingine, kimoja cha vile vilivyokataa spana ya fundi baiskeli, na kwa ubovu wake kikaangukia palepale alipokuwa ami. Aliguna kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nikisoma jinsi piano ilivyoifukuzia fidla bila kuipata, na sasa nilikuwa naifukuzia mwenyewe, jasho linanitoka, sina nafasi ya kuwaza.

Kisha akanirudisha mwenyewe, kwa upole, kwenye wimbo. Tukaupiga mara ya mwisho. Kengele ya mwisho aliipiga tupu kabisa. Nikaweka mikono mapajani.

Kimya.

Hakuna aliyepiga kofi. Walikuwa wameambiwa wasubiri mpaka mwisho, na tulikuwa tumeshawaonyesha kwamba watu hawa wa koncheto hunyamaza kisha wakaendelea; nani angekuwa na ujasiri wa kusema huu ndio mwisho? Nilikuwa nimeviangalia vibonyezo. Nilisikia mkuu akisafisha koo. Nilianza kuhesabu moyoni ni rafu ngapi zitakuwa kwenye kila kabati.

Ndipo shangazi akainuka. Sikumwona, nilisikia bangili. Alikuja kwa mwendo wa taarabu, taratibu, bila kumtazama mtu. Ami aliona anakuja, akanyoosha mkono kupokea tunzo lake. Shangazi akampita. Akabandua kikuba kifuani, akakiweka juu ya piano.

"Mwanangu, imekwisha au haijesha?"

"Imekwisha, shangazi."

Akawageukia watu. "Imekwisha, jamani! Semeni!"

Wakasema. Yote waliyoyazuia yalitoka kwa pamoja, vigelegele, makofi, "Allah!" za wazee upande wa kulia zilizochelewa lakini hazikupungua. Wanawake wakafuatana mbele, kila mmoja na kikuba chake, na kwa kuwa wa kwanza amekiweka chake juu ya piano, wote waliweka hapo hapo, mpaka kifuniko hakikuonekana. Ami alibaki na mkono wake hewani.

"Na mimi je? Mimi mbuzi?"

"Wewe tutaonana nyumbani," shangazi akamwambia. "Bokoboko huli."

"Kengele zote nimezipiga tupu! Shahidi huyo hapo!"

"Na ile hadithi ndefu ya katikati?"

"Ile si kengele, binamu. Usichanganye mambo."

Mkuu wa chuo alinijia watu walipoanza kutoka kuwahi magharibi. Seremala alikuwa nyuma yake, amekunja mikono.

"Mwalimu," akasema mkuu, "nilisema watu wakiipenda inabaki. Sasa mimi nimebaki na swali. Wameipenda piano, au wamempenda yule bwana wa fidla?"

Ningeweza kusema wameipenda piano. Vikuba vilikuwa palepale, ushahidi tosha. Lakini nilikuwa nami nimeanza kujiuliza swali lilelile, na sikuweza kumjibu kitu nisichokijua.

"Hata mimi sijui, Mwalimu Mkuu."

Aliitazama piano. Akamtazama seremala. Seremala akasema, kama mtu anayetoa maoni ya kazi tu, "Leo ina maua juu yake. Siwezi kuipima tena leo."

"Basi ikae," akasema mkuu, "mpaka tutakapojua."

Hatukupata kujua. Makabati yalichongwa kwa mbao nyingine, piano ikabaki, nikaomba tu isogezwe mbali na dirisha. Asumini zilianguka ndani na kukauka kati ya vibonyezo, nikawa nazitoa kwa pini ya nywele, na sijapata kuzimaliza. Ami alipelekewa bakuli la bokoboko, dogo, kwa ajili ya kengele, kama shangazi alivyosema, si kwa ajili ya hadithi.

Uzi wa kibonyezo kile sikuupata. Lakini wanafunzi niliowafundisha miaka iliyofuata walijifunza kipande kile kwa piano ile, na hatukuwa na ami kila siku. Kwa hiyo kila walipofika pale, mkono wao uliruka juu, ukabonyeza kibonyezo kisicholia, na wao wenyewe wakasema kwa mdomo: "Ti." Sikuwafundisha mimi. Alianza mmoja, wengine wakafuata, na wakati mwingine nikipita barazani nilikuwa nasikia piano ndani, na kila baada ya muda ile sauti ndogo ya mtu, imewahi mahali pake.